Kikao Mbele ya Geti Lililofungwa

Bomba lilikohoa gizani. Likakohoa tena, kikohozi kikavu, halafu likatema matone matatu kwenye ndoo ya bati. Tone la tatu lilinikuta nimeshakaa kitandani. Mtaani kwetu maji hurudi saa kumi na nusu alfajiri na huondoka saa kumi na mbili, na atakayelala muda huo ataoga kwa hadithi.

Nilijaza ndoo mbili na sufuria kubwa, nikabandika maji ya chai, kisha nikarudi kumwangalia binti yangu. Alikuwa amelala chali, mikono juu kama mtu aliyesalimu amri. Ana miaka minne. Baba yake amempa jina la Meneja, kwa kuwa nyumbani kwetu hakihamishwi kijiko bila yeye kuuliza nani karuhusu. Nilimbusu kisigino, mahali pekee anapobusiwa bila kuamka, nikajipa dakika moja ya kumtazama tu. Kisha nikamwamsha.

Baba yake ni mwokaji mikate. Anaingia zamu ya tanuri jioni na kutoka alfajiri, lakini akitoka bado ana mikate ya kusambaza madukani kwa baiskeli hadi saa tatu na nusu. Mimi natakiwa kazini saa moja na nusu. Kati ya kuondoka kwangu na kurudi kwake kuna shimo, na ndani ya shimo hilo yumo Meneja na kimkoba chake cha plastiki.

Kwenye karatasi, shimo hilo lilishazibwa. Miaka minne iliyopita Baraza la Jimbo letu lilipitisha sheria kwamba kila kata iwe na kituo cha kulelea watoto, na kila kituo kifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi ili mzazi awahi kazini. Ninaijua sheria hiyo karibu kwa moyo. Wakati huo nilikuwa nasoma jioni, nikiwa nimeshajifungua na mtoto akiwa begani kwa mama mkwe, na mwalimu wetu wa kupiga chapa alitupimia kasi kwa kurasa za sheria hiyo. Nilikuwa napiga yale maneno, "ili mzazi awahi kazini", huku nikijiambia kwamba mzazi huyo nitakuja kuwa mimi.

Na kweli nimekuwa. Niliajiriwa palepale kwenye Baraza, kitengo cha kumbukumbu rasmi. Tunakaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, tumevaa vipokea sauti, tunaandika kila neno linalosemwa na wajumbe na mawaziri wa jimbo. Kazi yetu haina maoni. Mtu akisema jua ni la mraba, tunaandika jua ni la mraba, tunaweka na jina lake.

Nilikuwa kwenye mwezi wa tano wa majaribio kati ya sita. Na nilikuwa nimeshachelewa mara mbili, mara zote mbili nikapewa barua. Mkuu wa kitengo chetu ni mama mmoja tunayemwita Mama Kimya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akigombeza. Yeye huandika tu. Barua ya tatu, kila mtu anajua, huwa haina tena neno "onyo". Ina neno "kwaheri", kwa lugha ya ofisi.

Nilichelewa kwa sababu moja. Bibi wa chumba cha pili, aliyekuwa akinishikia mtoto, alihamia kwa mwanawe, na kituo cha kata yetu, kile cha saa kumi na mbili, kilikuwa kinafunguliwa saa mbili na nusu. Siku nyingine niliokolewa na jirani yeyote aliyekubali, hadi majirani wakaisha.

Asubuhi hiyo nilipita tena, kwa matumaini tu. Saa kumi na mbili na nusu, geti limefungwa. Mlinzi alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, ufunguo ukining'inia kiunoni. Ni mtu mzuri, humpa Meneja njugu. Lakini alinieleza kwa mara ya kumi kwamba karatasi yake ya maagizo inasema asimfungulie mtu kabla ya muda wa kazi, na muda wa kazi wa walezi ni saa mbili. Wakishaingia, wakafagia, wakatandika magodoro, ndiyo hiyo saa mbili na nusu. Nikamuuliza kama sheria ameisikia. Akasema sheria anaiheshimu sana, ila yeye hakupewa sheria, alipewa karatasi.

Basi nikafanya lile ambalo hatakiwi kulifanya mtu mwenye barua mbili. Nikamchukua mtoto nikaenda naye kazini.

*

Nilimpitisha mlango wa nyuma, nikamkalisha chini ya meza yangu kibandani, nikampa kalamu za rangi, biskuti na masharti. Bahati nzuri Mama Kimya alikuwa na kikao kingine ghorofa ya juu. Bahati mbaya, au sijui niiite nini, kamati iliyokuwa inakaa siku hiyo ilikuwa Kamati ya Ustawi wa Jamii, na jambo lililokuwa mezani ni vituo vya kulelea watoto.

Mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa mkunga kabla ya kuingia kwenye siasa, na hadi leo jimbo zima linamwita Mkunga. Ni mama mnene, mpole, mwenye miwani ya kamba. Humsikiliza waziri kama alivyokuwa akimsikiliza mzazi wa mimba ya kwanza, akitikisa kichwa, haharakishi kitu, na mwisho wake kitu hutoka.

Waziri wa Ustawi wa jimbo alikuja na suti ya kijivu na sauti ya mtangazaji wa redio. Alisoma jibu lake lote bila kukohoa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina furaha kuiarifu kamati kwamba vituo vyote arobaini na viwili vinafunguliwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, siku zote za kazi, bila kukosa."

Niliandika, bila kukosa. Vidole havikugoma, na hilo ndilo lililoniuma. Miguuni pangu Meneja alikuwa anachora kitu chenye miguu sita.

Mkunga aliuliza Waziri amejuaje. Waziri akasema kuna taarifa. Kila kituo hujaza fomu mwisho wa mwezi na kuituma wizarani. Akaulizwa kama kuna malalamiko. Akasema hakuna hata moja, na alilisema kwa fahari ya kweli. Sikumwona kama mwongo. Nilimwona kama mtu aliyeletewa sahani iliyofunikwa akaisifia bila kufunua. Akakabidhi jalada la fomu zote, Mkunga akashukuru, kikao kikapumzika kwa chai.

Wajumbe wakinywa chai, ndipo sisi tunapofanya kazi. Nyaraka zikikabidhiwa, mwandishi huziorodhesha kama viambatisho: namba, tarehe, kurasa ngapi. Nikaanza. Fomu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya kumi na saba nikaacha kuhesabu, nikarudi ya kwanza.

Kila kitu kwenye fomu zile kilikuwa kimeandikwa kwa mkono. Idadi ya watoto, magodoro, hali ya vyoo, kwa wino wa bluu, mweusi, mmoja kwa penseli. Mlezi mmoja aliandika pembeni kwamba wanaomba ufagio, na mwezi uliofuata akaandika wanaomba ufagio ule ule. Lakini mstari wa saa ya kufungua haukuwa na mwandiko wa mtu. Saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa imeshapigwa chapa kwenye fomu yenyewe, pamoja na nembo. Nadhani kuna mtu wizarani alitaka kuwapunguzia walezi kazi, akachukua saa iliyo kwenye sheria akaibandika humo. Walezi wakajaza palipo wazi, wakatia saini. Kila mwezi wizara ilikuwa inapokea sheria yake yenyewe na kuiita taarifa.

Hapo ndipo mlango wa kibanda ulipofunguliwa, akaingia katibu wa kamati kuchukua fomu. Ni mzee mwembamba anayemalizia sentensi zake muhimu kwa kusema "nukta", na ndilo jina lake. Nukta alimtazama Meneja. Meneja alimtazama Nukta, akamuuliza nani kamruhusu kuingia.

Nilijitetea vibaya. Nilianza na mtoto, nikarukia fomu, nikarudi kwa mtoto, nikataja barua mbili, nikataja karatasi ya mlinzi, mwisho nikawa nashika fomu na biskuti kwa mkono mmoja. Nukta alisubiri nimalize. Kisha akazichukua fomu, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua mayai.

"Mwanangu, hapa kuna mambo mawili," alisema. "La mtoto ni lako, nami leo macho yangu hayaoni vizuri. La fomu ni la kamati. Usiyachanganye tena, nukta."

Makatibu wa kamati nao hawasemi ndani ya kikao. Wana njia yao: vikaratasi. Wanaandika maneno machache, wanakunja mara mbili, wanavisukuma chini ya kiwiko cha mwenyekiti. Kikao kiliporudi nilikiona kikaratasi kikiteleza mezani. Mkunga alikisoma, akakikunja, akakitia kifuani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Alimuuliza Waziri ni nani anayejaza saa ya kufungua. Waziri akajibu ni mlezi mkuu wa kituo. Mkunga akapitisha fomu tano kwa wajumbe, akawaomba waguse mstari ule kwa kidole. Mjumbe mmoja alilamba kidole akausugua. Haukutoka.

Niliandika: "(Kimya.)"

Waziri alibadilika rangi kidogo. Akasema ni kweli, mstari ule umepigwa chapa ili kurahisisha, lakini haina maana kwamba vituo havifunguliwi. Mkunga akakubaliana naye kabisa. Akasema ndiyo maana ni vizuri kwenda kuangalia, na kwamba kanuni zinairuhusu kamati kukaa popote ndani ya jimbo, hata njiani, mradi akidi itimie, wajumbe watano kati ya tisa. Akapendekeza kesho, saa kumi na mbili kamili, kwenye kituo kilicho karibu zaidi na Baraza. Waziri akataka kutazama shajara yake. Mkunga akamwambia asisumbuke, hakuna atakayesubiri nje, si kituo kiko wazi.

Mjumbe mmoja wa kiti cha nyuma alitoa sauti ya maumivu. Niliandika: "(Mjumbe anaguna.)"

Kituo kilicho karibu zaidi na Baraza ni cha kata yetu.

*

Jioni hiyo ilibandikwa orodha ya nani ataandika kikao cha kesho. Getini hakuna umeme wa mashine wala vipaza sauti. Alihitajika mtu wa hati mkato, ile ya kuandika haraka kwa mistari na vitone. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba nilisomea maandishi ya kuku. Mama Kimya alipita mezani pangu, akaweka daftari jipya na penseli tatu, akaondoka. Kwa lugha yake, hiyo ilikuwa hotuba.

Nilimweleza mume wangu alipokuwa anavaa kwenda kazini. Aliuliza kama hii ni habari njema au mbaya. Nikamwambia sijui, lakini kesho saa kumi na mbili nitakuwa pale pale ninapokuwa kila siku, tofauti ni kwamba nitakuwa na serikali. Akacheka mpaka akakosea vifungo vya shati. Kisha akanishika shingo kwa ule mkono wake wenye harufu ya hamira, akasema nisiogope. Niliogopa vilevile.

Asubuhi kulikuwa na ubaridi na taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka. Nilifika na Meneja saa kumi na moja na dakika hamsini, nikidhani tutakuwa wa kwanza. Tulimkuta Waziri. Peke yake, suti ile ile ya kijivu, ameegesha gari mbali kidogo kwa adabu. Sikumtarajia kabisa. Alikuwa ameshika komeo la geti na kulitikisa taratibu, kama mtu anayejaribu kuamsha mgonjwa.

"Mzee, usilitikise hivyo," Mlinzi alimwambia kutoka kwenye kiti chake. "Hapa hufunguliwa saa mbili na nusu. Mtoto wako yuko wapi?"

"Mimi ni Waziri."

"Karibu sana. Lakini hata waziri, akileta mtoto, ni saa mbili na nusu."

Kikao kilikuwa hakijafunguliwa, kwa hiyo maneno hayo hayamo kwenye kumbukumbu. Nayaweka hapa ili yasipotee.

Mkunga alikuja kwa miguu, amejifunga kitenge juu ya gauni la heshima. Wakaja wajumbe wawili kwa pamoja, kisha yule aliyelamba kidole. Wanne. Wazazi nao walikuwa wanafika, kama kawaida yao, kujaribu bahati: mama anayefagia stendi, baba fundi wa friji na mapacha wake, muuguzi mmoja aliyetoka zamu na mwingine anayeingia. Kila aliyefika alishangaa kuona meza ya kukunja na kengele ndogo mbele ya geti. Nukta alikuwa anatazama saa yake na barabara, barabara na saa yake. Bila mtu wa tano hakuna kikao. Kungekuwa na watu wanaoota baridi tu.

Saa kumi na mbili na dakika nne alionekana yule mjumbe aliyeguna. Alikuwa juu ya baiskeli, koti la suti kwa juu, na kwa chini suruali ya mistari ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni ya kulalia. Wazazi walimpigia makofi. Alishuka akiwa anahema, akasema yeye amekuja, mengine yasiandikwe. Nukta akapiga kengele.

Niliandika nikiwa nimesimama, daftari kwenye ukuta. Mkunga alimuuliza Mlinzi, naye akaitoa karatasi yake ya maagizo mfukoni, imekunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Mlezi mkuu anakaa nyumba ya tatu. Aliitwa, akaja mbio akifunga kilemba, na barua yake ya ajira mkononi. Alisema amekuwa akiitunza kwa ajili ya siku hii. Barua ilisema muda wa kazi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Waziri aliisoma mara mbili, akamuuliza kwa upole nani aliyemwandikia hivyo. Wizara, alisema Mlezi. Walezi wa vituo vyote arobaini na viwili walipewa barua ya makarani wa ofisini, neno kwa neno, ila neno karani limefutwa likawekwa mlezi. Alishaandika kuomba waingie kwa zamu. Akajibiwa kwamba ombi lake linapingana na barua yake.

Ndipo Mkunga akawageukia wazazi, akauliza mbona hawakulalamika.

"Sanduku la maoni lipo, mheshimiwa," alisema fundi wa friji. "Lipo ndani."

Watu walicheka, hata Waziri, ingawa alicheka akitazama chini. Mama wa stendi akaeleza kwamba yeye humfunga mwanawe mgongoni na kufagia naye. Muuguzi wa zamu ya asubuhi akasema amebadilishana zamu mpaka wenzake wamemchoka. Nilikuwa naandika haraka, vitone vikirukiana, nikahisi mkono mwembamba unaichukua penseli yangu.

Ni Nukta. Hakusema kitu kirefu. Alininong'oneza kwamba hati mkato aliisoma miaka arobaini iliyopita na kwa dakika tano ataiweza, na kwamba mwandishi akiweka penseli chini ni mkazi wa jimbo kama wengine. Jana aliniambia nisichanganye mambo mawili. Leo alikuwa ameshika daftari, ananipa nafasi ya kuwa jambo moja tu.

Ningeweza kukataa. Lilikuwa jambo la kuandikwa, na linaloandikwa lingepita mezani kwa Mama Kimya kabla ya saa sita mchana. Meneja alikuwa amenishika sketi. Nikasema.

Nilisema mimi ni mama wa mtoto huyu. Nilisema sheria hii niliipiga chapa darasani usiku, nikiwa na mtoto wa miezi, nikaiamini. Nilisema nimepewa barua mbili kazini, na ya tatu ikija sitakuwa na kazi, na kwamba jana nilimficha mwanangu chini ya meza ya Baraza lililopitisha sheria yenyewe. Mkunga alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mzazi aliyefika mwisho wa uchungu, aliyebakiza kidogo tu.

Kisha akamgeukia Waziri, akamuuliza lini.

Waziri alisema jambo hili amelipokea, na kwamba mchakato wa kurekebisha barua za ajira utahusisha idara mbalimbali.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Mkunga, "nimezalisha wanawake miaka ishirini na sita. Mchakato haujawahi kunipa mtoto. Nipe tarehe."

Wajumbe wakaanza kusaidiana naye, mmoja akiuliza hili, mwingine lile, bila kelele. Je, zamu mbili zinahitaji walezi zaidi? Kwa kituo hiki hapana, alijibu Mlezi, wapo wanne, wawili waingie mapema na wawili watoke jioni. Je, karatasi ya mlinzi hutolewa na nani? Ofisi ya Waziri. Je, kubadilisha sentensi moja huchukua muda gani? Waziri alitazama geti, akawatazama mapacha wa fundi waliolala mmoja kila bega, akatoa kalamu. Akasema siku kumi na nne kwa kituo hiki na vingine vyenye walezi wanne, mwezi mmoja na nusu kwa vilivyobaki. Fomu mpya zitakuwa na mstari mtupu, na mzazi mmoja ataweka saini pembeni ya saa. Akaomba iandikwe.

Iliandikwa. Nilikuwa nimeshairudisha penseli yangu.

*

Mama Kimya aliniita saa saba. Kumbukumbu nilizokwisha kupiga chapa zilikuwa mbele yake, zimefunguliwa kwenye ukurasa ule, ambapo hati mkato ya Nukta ilinilazimu nikisie maneno yangu mwenyewe. Alisoma tena polepole, huku mimi nimesimama. Kisha akanikaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Aliniambia alidhani nalala. Miezi yote hiyo aliniona kama msichana mwenye kipaji na usingizi mwingi. Akauliza mbona sikusema, nikamwambia niliogopa ningeonekana naomba huruma. Halafu akasema yeye hawezi kufuta barua mbili, zimeshaingia kwenye jalada, lakini anaweza kunipa siku hizo hizo kumi na nne alizojipa Waziri. Katika siku hizo nimlete mtoto, akae ofisini kwake, si chini ya meza. Baada ya hapo saa ni saa. Geti lisipofunguliwa, mikono yake itakuwa imefungwa.

Kwa hiyo kwa siku kumi na nne kazi yangu na neno la Waziri vilikuwa kitu kimoja.

Sikuachia tu. Ahadi zikitolewa kwenye kamati huingizwa kwenye orodha, na Nukta huzifuatilia kwa barua fupi fupi zisizo na salamu nyingi. Siku ya tano aliandika. Siku ya tisa likaja jibu kwamba barua mpya ziko kwa mwanasheria. Siku ya kumi na moja Mkunga alimkuta mwanasheria kwenye ngazi, wakapanda pamoja, na walipofika juu barua hazikuwa tena kwa mwanasheria. Mimi nilikuwa napita getini kila asubuhi kumuuliza Mlinzi kama amepata karatasi nyingine. Akawa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijafika. Wakati huo Meneja alikuwa ameshampangia upya Mama Kimya meza yake yote, na kalamu zilikuwa zinatoka kwa ruhusa.

Siku ya kumi na tano tuliondoka nyumbani mapema mno. Mume wangu aliomba mwenzake amsogezee mikate ya duka la kwanza, akatukuta njiani na baiskeli, akampakia Meneja nyuma katikati ya makreti. Niliona tu kwamba anakanyaga pedali kwa haraka kuliko mwendo wangu, kisha anakumbuka, anapunguza.

Tulipokata kona, taa za ndani zilikuwa zinawaka.

Geti lilikuwa wazi pande zote mbili. Mlinzi alikuwa amesimama, sijawahi kumwona amesimama, na karatasi mpya ameibandika ukutani kwa misumari minne, isije ikapeperuka. Mlezi alikuwa mlangoni na aproni, akipokea mikoba. Mama wa stendi alikuwa anamshusha mwanawe mgongoni, polepole, kama mtu asiyejua mgongo mtupu unabebwaje. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki cha Mlinzi, alikaa Mkunga na fomu mpya magotini, akisubiri mzazi wa kwanza wa kutia saini. Saa yake ilisema kumi na mbili na dakika mbili. Nikaijaza saa hiyo kwa mkono wangu, na zile dakika mbili nikaziweka, nikatia saini. Mkunga akaipulizia wino ukauke.

Nilipoinuka nilikuta sina haraka. Nilikuwa na saa nzima na nusu. Nikachuchumaa, nikamfunga Meneja kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa vizuri, nikamrekebisha kola, nikamuuliza kama ana leso, kama anataka maji, kama anataka nikae naye kidogo. Baba yake alikuwa amegeukia mikate yake, anaipanga upya bila sababu.

Meneja alitazama ndani, ambako mapacha wa fundi walishaanza kupanga matofali ya mbao. Akachukua kimkoba chake mikononi mwangu.

"Mama, nenda kazini."